Kopo la Poda Juu ya Kabati

Kwetu Lubumbashi, mtu akifaulu masomo humwagiwa poda. Hapakwi kidogo kama mtoto aliyetoka kuoga. Humwagiwa kichwani, shingoni, ndani ya kola, mpaka afanane na samaki aliyepakwa unga akingoja mafuta yapate moto. Kisha hurudi nyumbani kwa miguu, polepole, ili mtaa wote umwone.

Mimi sikuwahi kurudi hivyo. Diploma ya sekondari niliipata nikiwa bweni kwa masista, mbali na nyumbani. Nilipomaliza chuo kikuu, baba yangu, aliyekuwa fundi wa reli, alikuwa amezikwa juma lile lile, na nyumba yenye kilio haimwagi poda. Mama alikuwa ameshanunua kopo. Alilipandisha juu ya kabati bila kulifungua, na huko likakaa. Miaka mingi baadaye alipohamia kwangu, mtaa wa Hewa Bora, alikuja na godoro lake, rozari yake na lile kopo. Nilimwambia poda hiyo imeshaoza. Akanijibu kwamba poda si nyama.

Nilipojiandikisha shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ya watu walio kazini, nilikuwa tayari na mume, watoto na mvi. Kazi yangu ni kusimamia malori ya kampuni moja inayobeba shaba hadi mpakani, na malori hayajui kwamba bosi wao yuko darasani. Masomo yalikuwa Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa nzima. Nilijaribu kumweleza mama tutakachofundishwa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza jambo moja tu.

"Mwisho yake, batasoma jina yako mbele ya bantu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi, enda."

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yetu ya shamba, yeye na mimi, huko Kasungami. Sasa akawa anakwenda peke yake, jembe begani, na mimi naketi kwenye ukumbi wenye kiyoyozi pamoja na wahandisi wa mgodi, watu wa benki na sista mmoja mkuu wa shule aliyetushinda wote kwa hesabu. Profesa alitufundisha jinsi kiongozi bora anavyowaachia wengine kazi kwa utulivu. Simu yangu ilikuwa inatetemeka mezani: lori limekwama mpakani, karatasi hazijagongwa muhuri. Wakati wa mapumziko nilitoka uani nikawaachia wengine kazi kwa makelele.

Muhula wa pili nilianguka somo la fedha. Sikuanguka kidogo, nilianguka puu. Jioni hiyo, tukila bukari, ugali wetu, na samaki wadogo wa ndakala, nilitangaza kwamba naacha: nina kazi, nina mshahara, sihitaji cheti kingine. Mume wangu alisema nifanye ninavyoona vema. Mama alinawa mikono, akasimama juu ya kiti, akateremsha kopo kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa pindo la kitenge chake, akalirudisha mahali pake. Nilikasirika mno. Ningefurahi kama angenigombeza, maana ugomvi ningeuweza. Nilichukua daftari la fedha nikaenda kuketi nyuma ya nyumba, na tangu siku hiyo sikutamka tena neno la kuacha.

Siku ya kutetea tasnifu, mama alivaa kitenge chake cha misa akaketi nyuma yangu kati ya wasikilizaji, mkoba magotini. Niliongea vizuri mpaka mwenyekiti aliponiuliza kuhusu jedwali moja la gharama. Nilianza kulieleza, nikapotea, nikarudi, nikapotea tena. Mwishoni akatuomba sote tutoke ili wajadiliane.

Hapo kwenye korido, wakati wa kungoja, hakuna anayecheka. Na hakuna, hakuna kabisa, anayefungua poda kabla ya jopo kusema, kwa sababu ni mkosi mkubwa. Hata wanaokuja na makopo huyaficha mifukoni. Niliegemea ukuta nikafumba macho, nikilifikiria lile jedwali. Ndipo kitu baridi kikanidondokea kichwani, kikashuka shingoni. Hakikuwa na manukato. Kilinuka kabati.

"Mama! Bado! Bale bangali banaongea!"

"Najua."

"Na kama banakatala?"

"Bakatale." Aligonga kitako cha kopo ili hata mabaki yatoke. "Hii haiko yabo. Ni ya ile mwaka ya baba yako. Ya leo nitauza ingine."

Kwetu kuuza na kununua ni neno moja, na yeye alishaamua. Mlango ukafunguliwa, nikaitwa, nikaingia mweupe hadi kope. Mwenyekiti alivua miwani, akawatazama wenzake mmoja mmoja kana kwamba kuna aliyetoboa siri.

"Madame, nani amekuambia résultat? Hatujaitangaza bado."

"Hakuna mutu, Prof. Hii ni ya zamani."

Mwenyekiti ni mtoto wa hapa hapa, na nadhani alielewa, kwa sababu hakuuliza zaidi. Alirudisha miwani, akasoma jina langu mbele ya watu, akasema nimefaulu, ila lile jedwali nilifanye upya. Nilimtafuta mama mlangoni. Alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, midomo ikisogea, na rozari mkononi.

Teksi ilitushusha barabarani, tukaingia Hewa Bora kwa miguu. Nilitaka kuharakisha, mama akanishika mkono akanipunguza mwendo. Nikaanza kulia. Nilimlilia baba yangu kama vile tumemzika asubuhi ile, na poda ikawa matope mashavuni. Mama aliniacha nilie. Mbele ya duka la kona, jirani aliyekuwa akichoma mahindi alisimama akatuita.

"Mama, mutoto alishinda?"

"Alishinda," mama akajibu, bila kuniachia mkono. "Mara mbili."