Posa ya Jukwaani Muleba

Baba yangu alinioza jukwaani, mbele ya ukumbi uliojaa watu, na mimi nimevaa nguo za kuazima.

Msicheke kwanza. Mjukuu ndiye anayebonyeza simu, lakini kisa ni changu mimi, Georgina wa Kashozi.

Ilikuwa 1956, enzi za Mwingereza. Nilikuwa nasomea ualimu Muleba, na Mwalimu Gamaliel akatuanzishia darasa la maigizo.

"Mavazi ya mwigizaji huitwa maleba," akasema.

"Basi sisi wa Muleba tumeshavaa!" akadakia Karugendo. Darasa zima hoi kwa kicheko.

Karugendo huyo nilimpenda, acheni tu. Ila Tata, baba yangu, alishampa neno mgane mmoja wa Kaagya mwenye shamba kubwa la kahawa. Nami ningesema nini?

Mazoezi yakaanza. Sauti ifike nyuma. Usiipe hadhira mgongo. Mwenzako akisahau maneno, buni papo hapo, mchezo usife.

Mimi nikawa Siti, binti anayeposwa. Karugendo mposaji. Datius akaigiza baba yangu.

Siku yenyewe, pazia likafunguka. Mstari wa mbele namwona Tata, na kando yake mgane wa Kaagya! 

Karugendo akaweka chini kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi. "Waitu mzee," akaanza kwa heshima, "nimekuja kumwomba Georgina."

Weee! Siyo Siti. Georgina!

Datius akabaki mdomo wazi. Mwalimu akamnong'oneza maneno yake nyuma ya pazia, mpaka watu wa mwisho wakasikia. Datius kimya.

Ndipo Tata akasimama.

"Kama huyo baba hana jibu, mimi ninalo. Nimekubali!"

Akapanda jukwaani, akanywa, akaisifu ile rubisi. Kumbe kibuyuni mlikuwa na maji matupu!

Ukumbi ukalipuka. Mgane akavaa kofia yake. Akamwambia Tata, "Rugaibula, mbele ya watu wote hawa? Mke wa mtu simtaki." Akaondoka anacheka.

Njiani nikamwambia, "Tata, ule ulikuwa mchezo tu."

"Najua. Karugendo alikuja kwangu wiki iliyopita kukuposa, tukapanga. Kumkatalia yule mgane usoni niliona haya, nikamleta makusudi."

"Na Datius kusahau maneno?"

"Hakusahau. Nilimwomba anyamaze."

Binti, moyo wako ukiwa kwa mtu, mwambie baba yako mwenyewe. Huenda yuko upande wako siku nyingi, anatafuta njia tu.

Nanyi mnaosomea maigizo, msiidharau hadhira. Mwigizaji bora wa siku ile alikuwa ameketi mstari wa mbele.