Migunga ya Mama Nakiru

Mwanangu, unaniuliza uchague eneo gani la utafiti wa ekolojia: mimea, wadudu au maji. Kabla sijakujibu, kuna siku moja haijanitoka kichwani hadi leo.

Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia kama wewe, kichwa kimenivimba. Chuo kikanituma huku kwetu Lodwar kuchunguza miche ya migunga inavyoota kando ya mto Turkwel. Nikaizungushia migunga waya ili mbuzi wasile miche. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya jina la mwenye miti. Nikaandika: hakuna. Mimi, Mturkana mzima! Nilijua fika kwamba migunga ya mtoni ni ekwar, ina familia yake, na kiangazi maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi wa familia hiyo. Lakini kumtafuta mwenyewe ni safari, nami nilikuwa na haraka zangu.

Kiangazi kilipokaza, mjane mmoja, Mama Nakiru, alishuka na mbuzi wake akakuta waya. Akadhani serikali imeichukua ekwar yake, akawarudisha mbuzi bila kumuuliza mtu. Mbuzi wakaisha wote kwa njaa.

Nilipopata habari niling'oa ule waya, nikamfuata Kakuma, alikokuwa amehamia. Nilimkuta pale jirani, kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei, ameketi peke yake, anawauzia wakimbizi kuni.

"Ejok, mama."

"Ejok. Wewe ndiye wa waya?"

"Ni mimi. Nimeutoa. Rudi nyumbani, tafadhali."

"Kwa karatasi yako uliandika miti ni ya nani?"

Ningemdanganya vipi? "Niliandika hakuna mtu."

Akapanga kuni zake upya, moja moja. "Basi hakuna mtu. Enda."

Hakurudi. Nilipata shahada, nikafundisha miaka mingi, nikastaafu hapa. Nyumba hii ni mimi na redio. Kila kiangazi nashuka mtoni, nayakuta maganda ya ekwar yake yamelala chini. Majirani hawayagusi, kwa sababu si yao. Naketi pale, na upweke unanikaba, sikufichi.

Chagua eneo lolote, mwanangu. Ila kabla hujafunga utepe wa alama kwenye mti wa kwanza, mtafute mwenye mti, hata iwe mwendo wa siku mbili. Keti naye. Akikukatalia, ukubali. Na jina lake uliandike.

Akuj akubariki, akunyeshee mvua, na ukizeeka usikose mtu wa kukubishia hodi.