Kurasa Nane za Mwanzo

Shujaa wangu wa utotoni hakuruka angani wala hakuinua magari. Yeye alisikia. Mtu akilia ghorofa ya kumi, upande wa pili wa mji, alimsikia, akavaa joho lake la kijani akaenda. Nilimpata nikiwa na miaka saba, katika kitabu cha katuni cha Kifaransa alichoniletea papa, baba yangu, kutoka kwa wale wanaopanga vitabu vikuukuu chini barabarani. Hakikuwa na jalada, na kilianzia ukurasa wa tisa.

Papa alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Kamalondo. Bado ni fundi, ingawa siku hizi mikono inamtetemeka na wateja waliobaki ni wale wanaomwonea huruma. Nilipomuuliza kurasa nane za mwanzo ziko wapi, alininyooshea kidole ukutani. Pale kwenye msumari zilining'inia karatasi anazokatia vipimo vya nguo: mikono ya mashati, kola, miguu ya suruali, zote zimekatwa kutoka kwenye magazeti, kalenda za zamani na mifuko ya saruji. Kila fundi wa mtaa wetu alifanya hivyo, na hakuna karatasi iliyokuwa salama mbele yao.

"Nilizikata patroni ya mukono," alisema. "Lakini nilizisomaka mbele. Kuya nikuambie."

Nikamwamini. Nani asingemwamini?

Kwa maelezo ya papa, shujaa alianza kama mtoto anayejifunza kutembea. Mama yake alimbeba mpaka kwa fundi viatu mmoja karibu na stesheni, na kiatu kidogo cheupe kilichokatika mkanda. Akamwomba fundi akitengeneze, na amshikie mtoto kidogo, yeye aende kuuliza habari za treni. Fundi akachukua uzi mwekundu akaanza kushona. Mama hakurudi. Mtoto akakaa pale akitega sikio, siku baada ya siku, akizitafuta nyayo za mama yake katikati ya nyayo za abiria wote, mpaka masikio yake yakafunguka akawa anausikia mji mzima.

Alinisimulia hivyo Jumamosi nyingi, akipiga pasi nguo za watu za kanisani, na hakubadilisha hata neno. Uzi ulikuwa mwekundu kila mara. Mwishoni niliuliza swali lilelile: "Na hakurudia?" Naye alijibu: "Hakurudia." Kisha aliinama kupuliza makaa ya pasi, hata kama yalikuwa yanawaka vizuri.

Nilikuwa mkali juu ya hadithi hiyo. Mvulana mmoja darasani alisema mashujaa wote wa katuni hupata nguvu zao kwa ajali, umeme au sumu fulani, na kwamba fundi viatu hajawahi kuonekana popote. Nilimfinya mpaka mwalimu akanisimamisha mbele ya wote. Nilipozaa, nilimsimulia binti yangu yaleyale, pamoja na uzi mwekundu.

Mwaka huu, katika duka la vitabu mjini, niliona joho la kijani kwenye rafu. Lilikuwa buku nene, hadithi za kwanza kabisa za shujaa wangu zilizochapwa upya, kuanzia ukurasa wa kwanza wa toleo la kwanza. Nililinunua nikakaa kwenye ngazi za duka, mwanamke mzima mwenye miwani, watu wananiruka.

Shujaa alikuwa mtoto wa daktari tajiri. Alikuwa kijana tayari, siku moja amejificha ndani ya kengele kubwa ya kanisa, radi ikapiga. Ukurasa wa tatu anasikia sisimizi. Ukurasa wa nne ana joho. Hakuna stesheni, hakuna kiatu, na mama yake hakuchorwa hata mara moja. Dibaji ilieleza kwamba watungaji wa wakati ule walikuwa na haraka: mwanzo wa shujaa uliisha kwa kurasa chache ili apate kwenda kupigana. Baadaye kila mchoraji mpya alimpa mwanzo mwingine, na dibaji iliitaja mmoja mmoja. Niliisoma yote nikimtafuta fundi viatu. Hakuwepo.

Kwanza nilicheka. Nikajisemea, mzee huyu aliona uvivu kusoma Kifaransa, akatunga. Halafu kicheko kikanikauka, nikaona aibu, kisha hasira. Nilikuwa nimegombana na watu kwa ajili ya uongo wake. Nilikuwa nimempa mtoto wangu uongo wake. Nikaenda Kamalondo kwa miguu, kwa sababu nikiwa na hasira siwezi kukaa ndani ya taksi na kusikiliza habari za dereva.

Papa alikuwa kwenye cherehani. Niliweka kitabu juu ya kitambaa alichokuwa anashona.

"Papa, fundi wa biatu iko wapi humu?"

Hakutafuta miwani. Alitazama joho la kijani, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Haukusomaka hata kidogo," nikamwambia. "Ulikata tu."

"Nilisoma. Sikukata."

Alifungua droo ya chini ya meza, ile aliyosema tangu zamani kwamba imekwama. Ilifunguka bila shida yoyote. Akatoa kifurushi cha karatasi ya saruji, akakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kurasa nane, ya kwanza mpaka ya nane, kengele, radi na yote. Zilikuwa nzima. Mkasi haukuzigusa.

Chini yake kulikuwa na kigauni cheupe cha mtoto. Upindo ulikuwa umeshikizwa nusu kwa uzi mwekundu, na nusu nyingine ilikuwa bado na pini, zimeshika kutu.

"Haikuwa kiatu," papa alisema. "Ilikuwa hii karobe. Na ile fundi ilikuwa miye."

Nilielewa, na nilitamani nisielewe. Mwanamke niliyemzika miaka mitatu iliyopita, niliyemwita mama maisha yangu yote na kumfunga kitambaa cha kichwa kwa mkono wangu, hakunizaa. Wote wawili walijua. Majirani wakubwa walijua. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nasimuliwa maisha yangu kama ya mtu mwingine, na kuyapenda, na kuomba yarudiwe.

"Ulibadilisha nguo, ukaweka kiatu," nikasema. "Ni ile tu?"

"Nilitaka kukuambia. Nilitoa kurasa, nikasema nitatia habari yako pale. Kila samedi, nikipiga pasi, nilianza muzuri. Kisha nafika ku mwisho, naogopa."

Kuogopa nini mwishoni? Mwisho nilikuwa naujua kwa moyo. Nikauliza swali langu la zamani, safari hii kwa kejeli tu, nimuumize kidogo.

"Na hakurudia?"

Pasi ilikuwa mezani, makaa yake yamezimika. Hakuipuliza.

"Alirudia," alisema.

Nilikaa kwenye benchi la wateja.

Alirudi kiangazi cha pili. Alisema alianguka siku ileile pale stesheni, watu wakambeba mpaka hospitali, akaugua muda mrefu, kisha ndugu zake wakamchukua mbali. Alikuja kwa ajili ya mtoto. Mke wa papa, ambaye hakuwahi kupata mtoto, alikuwa sokoni saa hiyo, na papa alimfikiria yeye. Ndivyo alivyosema, alimfikiria yeye.

"Nilimwambia bamasista balikubeba. Akauliza wapi. Nikasema sijui."

"Alilia?"

"Alilia sana. Pale ku mulango."

"Jina yake ni nani?"

"Sikumuuliza."

Hakumuuliza. Mtu anayeandika jina la kila mteja kwenye kipande cha kitambaa, hata wa kubadilisha zipu, hakumuuliza mama yangu jina.

"Na miye?" nikasema. "Miye nilikuwa wapi?"

Alitazama chini, kwenye miguu ya cherehani.

"Chini ya meza. Ulikuwa unacheza na bifungo."

Nilitazama pale chini. Kulikuwa na vumbi na vipande vya nyuzi. Kutoka pale mpaka mlangoni ni hatua tatu, nimezipita maelfu ya mara. Mama yangu alilia mpaka akachoka, akageuka akaenda, na mimi sikuinua kichwa.

Nilikunja kigauni pamoja na pini zake nikakitia kwenye mkoba. Kurasa nane nilimwachia, na kitabu kipya pia, kwa kuwa sikuwa na kazi nacho tena. Nilikuwa nimeshavuka mtaro nikasikia benchi linasukumwa, papa anakuja mlangoni polepole.

"Utarudia?" aliita.

Nilimsikia vizuri sana. Niliendelea kutembea.