Dakika Sabini za Mzee Maziwa

Majirani wana hadithi mbili kuhusu marehemu, na ingekuwa vizuri wachague moja. Ya kwanza inasema alimuua mwanamke kwenye meza ya upasuaji kwa dawa zake. Ya pili inasema alikuwa na mwanamke wa nje, fundi cherehani, yule aliyelia mazikoni kuliko ndugu wa damu. Wasichojua wasemaji ni kwamba mwanamke ni huyo huyo mmoja. Ama alimuua, ama alikuwa naye. Ukweli ni kwamba hakuna hata moja. Mkewe amevumilia minong'ono hiyo miaka miwili, maana mtu mwenye adabu hajibizani na kila dirisha. Lakini sasa wajukuu wameanza kuwa na masikio, na afadhali walisikie la kweli kutoka nyumbani.

Marehemu alikuwa mtaalamu wa dawa za usingizi kwa miaka thelathini na mmoja. Daktari wa upasuaji hushukuriwa kwa mikono miwili, ila anayekulaza na kukuamsha humkumbuki hata sura. Yeye hilo halikumsumbua. Kofia zake za kazi alizipiga pasi mwenyewe, akazikunja mara nne, na ole wake aliyezigusa. Jioni alisoma majarida ya tiba sebuleni, penseli sikioni, na alichokisoma kilimfuata mpaka mezani.

Siku moja alishika kidebe cha chumvi katikati ya chakula.

"Unaiona hii? Moyo unapiga kwa sababu ya hii. Kila chembe ya moyo ina vijilango vidogo mno. Vikifunguka, chumvi inaingia, moyo unashtuka, unapiga. Vingine vinafunguka, madini mengine yanatoka, moyo unatulia. Zaidi ya mara sitini kila dakika, bila msimamizi."

"Na wewe na dawa zako mnaingiaje hapo?" mkewe aliuliza.

"Dawa ya ganzi kazi yake ni kufunga vijilango vya namna hiyo kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana husikii kisu. Ikibaki pale ilipochomwa, hakuna neno. Ikiponyokea kwenye damu, inafika moyoni na kufunga vya huko. Na hii tunayotumia sisi ni mgeni mbaya. Kuingia anaingia upesi, kutoka hataki."

"Mgeni kama shangazi yako."

"Mama watoto, shangazi yangu muache. Huyu mgeni wa moyoni wanasema anavutwa na mafuta, ukiyatia kwenye damu anatoka kuyafuata."

Ndivyo ilivyopatikana ile chupa. Ni mafuta meupe kama maziwa, yale yanayopitishwa mshipani kwa wagonjwa wasioweza kula. Aliandika barua tatu stoo ndipo akapewa moja, akaiweka kwenye kabati la chumba cha upasuaji na kuibandika karatasi: ISIGUSWE, YA MOYO. Wenzake walipata cha kuchekea. "Mzee, maziwa tumeyaona, majani ya chai yako wapi?" Wakamwita Mzee Maziwa, na jina likaganda. Chupa ilipofika mwisho wa muda wake aliirudisha, akaomba nyingine. Miaka minne hakuna aliyeihitaji.

Jumanne moja asubuhi akaletwa fundi cherehani aliyekatwa na kioo, kano za vidole viwili zimekatika. Kwa fundi, vidole viwili ni nusu ya riziki. Hakuhitaji kulazwa usingizi. Angechomwa ganzi kwapani, mkono ufe ganzi, yeye abaki macho. Kwa Mzee Maziwa dawa hiyo haikusukumwa yote kwa mkupuo. Unasukuma kidogo, unavuta uone kama damu inarudi, unaongea na mgonjwa, ndipo unasukuma tena. Lakini asubuhi hiyo aliitwa chumba cha pili, mjamzito anatoka damu. Aliporudi, mwenzake mmoja alikuwa ameshamchoma fundi, ratiba isichelewe. Bomba la sindano lilikuwa tupu.

Fundi alikuwa akipiga soga na daktari. "Daktari, mbona nahisi kama nina pini mdomoni?"

Daktari akacheka. "Nyinyi mafundi! Mpaka huku mnakuja na pini?"

Nesi naye akacheka, na fundi mwenyewe akatabasamu. Mzee Maziwa alisogea kichwani pake.

"Ina ladha gani, dada?"

"Ya chuma. Na ulimi mzito. Masikio yanalia kama kengele."

"Nesi, lete ile chupa."

"Mzee, utani huu tena saa hizi..."

"Lete chupa!"

Nesi alikuwa bado mlangoni pa kabati fundi alipoanza kutetemeka mwili mzima. Kwenye kioo cha mashine, mistari ya moyo iliyochongoka kama sindano ilitanuka ikawa vilima, vilima vikalala. Moyo ulikuwa umesimama. Hilo mkewe halikatai.

Mzee Maziwa aliwapanga. Mmoja abonyeze kifua, mmoja asukume hewa, mafuta yaingie mshipani. Walipokezana kila dakika mbili. Ilipofika dakika ya arobaini, daktari alivua glavu.

"Mzee, tuache. Amekwenda."

"Hajaenda popote. Milango imefungwa, na aliyeifunga anatoka polepole. Sisi tuzungushe damu mpaka atoke. Vaa glavu, zamu yako inafuata."

"Na asipotoka?"

"Fomu ya kifo nitaandika mimi, kwa mkono wangu. Bonyeza."

Daktari alivaa glavu. Dakika ya sabini, kilima kimoja kiliinuka kwenye kioo. Kikaja cha pili. Nesi aliweka vidole shingoni mwa fundi na kuanza kuhesabu kwa sauti, machozi yanamtoka.

Kesho yake fundi alifumbua macho akauliza, "Nani kanivunja mbavu?"

"Mimi. Mbili. Nishtaki," alijibu Mzee Maziwa.

Hadithi ya mauaji ilianzia mlangoni, kwa aliyechungulia dakika ya ishirini akaenda zake mbio. Habari ya kufa ina miguu minne. Ya kupona hutambaa. Na ile ya pili ilitokana na kofia. Kila mwaka, tarehe ile ile, fundi alileta kofia mpya ya kazi aliyoishona kwa vidole vyake vyote kumi. Aliyemfungulia mlango na kumkaribisha kiti ni mke wa nyumba hii, kila mara, mchana kweupe.

Limebaki swali moja, nalo huulizwa kwa sauti ya chini: nani alimchoma yule fundi? Marehemu aliandika kwenye fomu kwamba dawa ilipenya kwenye damu, na kwamba zamu ilikuwa yake. Mkono wa nani, hakuandika. Mkewe alimuuliza mara moja, akajibiwa: "Aliyekosea alibonyeza kile kifua mpaka viganja vikamvimba. Tangu hapo anavuta bomba mara mbili kabla ya kusukuma. Unataka nini zaidi?"

Jina alimtajia. Mtu huyo yu hai, yuko kazini, na wagonjwa wanaamka. Jina lake halitatajwa hapa, wala kwa wajukuu, wala kwa atakayekuja na maswali ya kuzunguka. Mkewe hana la kuongeza.