Sharti Nililoliacha Bagamoyo

Nilikwenda Bagamoyo kwa sababu mdogo wangu Shabani alimvunja mkono mkewe, Mwanahawa. Mwanahawa alijipeleka mwenyewe dawati la jinsia kituo cha polisi, Shabani akakamatwa. Alipotoka kwa dhamana, mke alikuwa amekwisha kurudi kwao. Ukoo ukanituma mimi, kwa kuwa miaka tisa iliyopita ndimi niliyekuwa mshenga. Ujumbe ulikuwa wa mambo mawili: arudi nyumbani, na kesi aifute.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi niliondoka Vigwaza kwa bodaboda hadi Chalinze, nikapanda basi la Bagamoyo. Ni kama kurudi nyuma, maana Bagamoyo iko mashariki, lakini njia ya Msata ni ya lami na mabasi hayakosekani. Nilibeba daftari la posa, lenye mapatano ya Shabani na Mwanahawa. Mimi ni fundi wa pampu za maji. Shule niliishia darasa la saba, na tangu hapo nimezoea kuandika kila kitu.

Kiwangwa basi lilisimama, nikanunua mananasi manne, maana ukweni huendi mikono mitupu.

"Ya wakwe?" aliuliza mwuzaji. "Basi chukua yaliyoiva, baba. Ukipeleka mabichi watadhani umekuja kugombana."

Tukapita mashamba ya Makurunge, tukavuka mto Ruvu. Muda wote huo nilikuwa napanga maneno.

Saa nne na robo nilipiga hodi Magomeni, Bagamoyo, kwa Mzee Athumani, fundi cherehani, baba yake Mwanahawa. Mkewe, Bi Zaina, alifungua mlango, akayatazama mananasi kabla ya kunitazama mimi.

"Yalete ndani. Hayo hayana kosa."

Mzee alikuwa anashona kanzu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mshenga. Umechelewa."

"Basi la Chalinze lilikawia kuondoka."

"Sisemi leo."

Nikautoa ujumbe wangu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akaniomba nimsomee daftari, ukurasa wa siku ya posa. Nikasoma: kilemba cha baba, mkaja wa mama, kitanda, siku ya ndoa. Maandishi yakaishia hapo.

"Kuna neno jingine nilikupa," alisema. "Mke wangu ni shahidi."

Nililikumbuka palepale. Alikuwa amesema: mkimchoka, mrudisheni kama mlivyomchukua, msimpige. Wakati ule niliyachukulia kuwa maneno ya adabu, ambayo kila mzazi huyasema. Sikuyaandika, wala sikumfikishia Shabani.

Mwanahawa akatoka chumbani, mkono umefungwa hogo la plasta.

"Shemeji, ukuta wetu ni mmoja. Mimi nikilia, wewe ulikuwa unafanya nini?"

Nilitaka kusema nilikuwa nimelala.

"Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

"Angalau huyu hasemi uongo," alisema Bi Zaina.

Mwanahawa hakutabasamu. "Kesi sifuti. Na sirudi kwa kutumiwa watu."

"Nami sina la kuongeza," alisema mzee. "Ulipewa neno, hukulifikisha. Lifikishe kwanza."

Walinipa wali na samaki, nikala.

Saa nane mchana nilipanda basi la kurudi. Liliposimama Kiwangwa nilifungua daftari, nikaliandika lile neno chini ya mstari wa siku ya ndoa. Wino wake ni tofauti na wa juu, na yeyote atakayesoma ataona kwamba lilichelewa.

Jioni nilifika Vigwaza. Shabani alikuwa amekaa barazani na mama yetu, nikaketi nao mkekani.

"Anarudi lini, kaka?"

Nilifungua daftari. Nilimsomea sharti la baba mkwe wake, neno kwa neno.

"Hilo la lini?"

"La siku ya posa."

Akasimama. "Miaka tisa! Mbona hukuniambia?"

"Kutokukwambia ni kosa langu. Mkono uliovunjika ni kosa lako."

Mama aliinama, akaanza kukunja mkeka ambao mimi na yeye bado tulikuwa tumeukalia. Safari hii imenifunza kwamba mshenga hubeba maneno ya pande zote mbili, na kazi yake haiishi siku ya harusi. Mimi nilibeba ya upande wetu tu, kwenda na kurudi.

"Na ukiitwa mahakamani," Shabani aliuliza, sauti imeshuka, "utasema nini?"

"Nitasema niliyoyasikia ukutani."