Herufi Nene Zinataka Nafasi

Mwanangu, ile Ijumaa ya Jinja naikumbuka kama jana, na kila nikiisimulia nashindwa kukaa kitini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Namakwekwe, Mbale, kwenda Jinja kujifunza kuandika mabango kwa Maalim Hamisi. Miezi sita alinifundisha herufi za kulala, za kujikunja, na zile nyembamba za kadi za harusi. Mwisho akanionyesha nene zenye miguu.

Subhanallah! Wewe unazijua, zimo kwenye kompyuta yako ya kuchorea mabango hapo Malukhu, unabonyeza tu zinakuja. Sisi tulizichora kwa rula na brashi bapa. Mistari yote minene, na kila herufi chini imevaa kiatu cha pembe nne, kona zimekatwa sawa, haina madoido wala aibu. Ukiandika H ya namna hiyo, imesimama, huisukumi! Nilizipenda mpaka nikawa naziota.

Basi akaja Mama Zubeda, mjane wa Buwenge. Alikuwa akiuza chapati sokoni, sasa amekodi chumba kando ya barabara kuu itokayo Kenya, afungue hoteli ya kulisha madereva. Alituambia wazi kwamba hili ni jaribio lake la mwisho. Likishindikana, atarudi kulima kwa shemeji yake, na huyo shemeji hakumpenda hata kidogo. Maalim alikuwa na kazi msikitini, akaniachia bango mimi. Mara yangu ya kwanza peke yangu!

Mama alitaka kila kitu kiandikwe: pilau, matoke, chapati, maharage, chai ya maziwa, soda baridi, mahali pa kuswalia, na jina lake juu. Nikasema, "Sawa, Mama, vyote vitaingia." Nikaviingiza vyote kwa zile herufi nene, nyeusi kwenye bati jeupe, kutoka ukingo hadi ukingo. Nilizibana weee, miguu ya herufi hii ikakanyaga ya jirani yake. Nilipomaliza nikajiona fundi mkubwa.

Jumatano bango likapandishwa. Malori yakapita. Alhamisi yakapita tena, pilau ikachacha, ikamwagwa. Nilipokwenda kuangalia, nikamkuta Mama Zubeda kwenye kiti cha plastiki, leso mdomoni, analia bila sauti. Nikajiambia labda pilau yake haina chumvi. Ona ujinga wangu, nilikuwa namlaumu mpishi!

Ijumaa baada ya swala Maalim akaja mwenyewe. Hata hotelini hakuingia. Alinishika mkono, tukavuka barabara, tukaenda mbali kule madereva wanakotokea.

"Funga macho nusu," akaniambia. "Soma."

Nikafumba nusu. Sikusoma kitu, niliona weusi tu.

"Hii ni bango ama ukuta?" Maalim alifoka. "Dereva ametoka Mombasa, macho imechoka, lori inakimbia. Wewe unampa barua asome? Herufi ya nguvu hivi unaifunga kama kuku kwenye kikapu! Inataka kupumua, bwana. Umefurahia mkono yako, huyu mama umemsahau."

Aibu niliyoisikia! Nikamwendea Mama Zubeda, nikamwambia kosa ni langu, pilau yake haina ubaya. Akanitazama, nikadhani atanipiga kwa mwiko. "Basi rekebisha," akasema. "Kesho napika mara ya mwisho."

Nikaliteremsha bango, nikalipaka rangi nyeupe lote, nikaliacha juani. Maalim akaniambia nichague neno moja. Nikachagua CHAKULA. Neno moja, bati zima! Kati ya mguu na mguu nikaacha upana wa vidole vinne, na pembeni nikaacha weupe mwingi ambao siku mbili nyuma ningeuona hasara.

Jumamosi asubuhi tukalipandisha. Lori la kwanza likapita. La pili likapita, Mama akanishika mkono kwa nguvu. La tatu, breki! Vumbi likatimka, dereva Mkenya akachungulia dirishani.

"Mama, chakula iko?"

"Iko! Karibu!"

"Na juzi nimepita hapa, sikujua kuna hoteli!"

Nyuma yake likaingia lingine. Mama Zubeda akapiga vigelegele, nami niliruka mpaka nikaangusha kopo la rangi. Sijawahi kufurahi hivyo, hata siku ya ndoa yangu, na usimwambie mama yako.

Sasa nisikilize, mwanangu. Herufi hizo zina kazi yake: ubavu wa lori, mlango wa ghala, duka la vyuma, tangazo la mechi, popote msomaji anapopita mbio. Usiandikie nazo hadithi ndefu, macho yatachoka. Kwenye kadi ya rambirambi usizilete kabisa, mfiwa hapigiwi kelele. Zipe maneno machache na nafasi ya kutosha. Kabla hujamkabidhi mtu kazi yake, nenda ukasimame pale atakaposimama msomaji. Na ukikosea, sema mwenyewe, mapema, kwa sababu nyuma ya kila bango kuna mtu ameweka sufuria jikoni anasubiri wageni.

Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako, akuepushe na kiburi kilichonipofusha mimi, na kila mlango utakaouandikia usikose mtu wa kuubisha. Amin.