Njozi ya Kilemba

Jirani yangu wa mlango wa pili ameota tena. Safari hii kamwona mgombea wetu amepanda farasi mweupe, anashuka Ndia Kuu polepole, na wanawake madirishani wanammwagia asumini. Alinieleza haya asubuhi, mkono kiunoni, nami nikamjibu, "Kheri inshallah." Ndivyo nilivyofundishwa kuipokea njozi ya mtu, hata kama mchuzi wa biriani ya mgombea haujamkauka mdomoni.

Simcheki sana, lakini. Mimi nimelelewa na mwotaji. Kila nikisikia mtu ameota wakubwa, narudi kwenye chumba cha ndani cha nyumba ya baba, upande wa Kuze, nikiwa msichana mdogo ubavuni mwa bibi yangu mzaa mama, nyuzi nyeupe zimenizunguka miguuni. Napatamani pale mpaka leo. Nimeishi katika nyumba kubwa zaidi na zenye hewa zaidi, na sijapenda mahali kama nilivyokipenda chumba kile chenye dirisha moja la kutazamia uani.

Wakati huo bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa bado inapepea Ngomeni, ingawa Wazungu ndio waliokuwa na funguo. Vigari vidogo vilisukumwa na watu juu ya reli nyembamba kuwapeleka wakubwa Kilindini, nasi watoto tuliwakimbilia nyuma mpaka tukafukuzwa. Karatasi za kura hatukuzijua. Liwali aliteuliwa huko juu, sisi tukaletewa habari. Hilo halikuwazuia watu kuota. Muuza kahawa wa mtaani petu aliwaota masultani wote waliotawazwa Unguja, ila njozi zake zilikuwa na desturi ya kufika nyuma ya meli iliyoleta habari. Hakuna aliyemlaumu, maana kahawa yake ilikuwa nzuri.

Bibi alikuwa wa namna nyingine. Kazi yake ilikuwa kushona kofia za viua, zile zenye matundu madogomadogo yanayofuata nakshi, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hata akaweza kushona huku akigombana na mtu dirishani. Njozi alizisimulia asubuhi, kabla hajatia kitu kinywani, na alizisimulia vibaya. Zilikuja vipandevipande. "Palikuwa na mlango," angesema, "siyui mlango wa nani, na harufu ya samaki mbichi." Kisha angenyamaza, atie uzi sindanoni, aendelee. Katika vipande hivyo aliwahi kumwona mzee wa mtaa wetu amevaa joho ndani-nje, akitafuta viatu vyake mlangoni pa msikiti asivione. Haukupita muda mzee yule akaugua, Liwali akamweka mwingine mahali pake. Tangu hapo bibi alikuwa na jina. Wanawake walikuja na sahani zilizofunikwa kumuuliza habari za serikali, yeye ambaye hakupata kuvuka baraza la ofisi yoyote.

Nilimwonea wivu. Asubuhi moja nikamwambia nami nimeota, malaika kanivika bangili ya dhahabu. Aliniuliza bangili ilikuwa mkono gani. Nikasema kulia, nikarudi nikasema kushoto. Hakunipiga. Alikwenda jikoni akarudi na punje mbili za shayiri, akaniwekea kiganjani.

"Zifunge fundo," akaniambia. "Hii na hii."

Nikacheka, nikamwambia hazifungiki.

"Hazifungiki. Na mtu asemaye njozi asiyoiota, siku ya Kiyama ataambiwa azifunge. Hataweza, na hataambiwa, 'Basi, yatosha.'"

Nililia sana siku hiyo, na tangu hapo nikiota hata paka, mimi hujiuliza kwanza kama ni kweli.

Kisha mama akafa. Sitaki kuliandika hilo kwa urefu. Alikuwa mtoto pekee wa bibi, nami nilikuwa mtoto pekee wa mama, kwa hiyo tulibaki wawili katika kitanda kimoja cha kamba, na baba akabaki juu peke yake mpaka alipooa tena. Watu waliendelea kuja na sahani zao. Bibi akawa anawarudisha.

"Zimekatika," alisema.

Mimi nilimuuliza kwa nini, na mimi hakunificha. "Tangu mamako atutoke, watu wa serikali siwaoti tena. Namuota yeye tu. Huya akakaa pale mlangoni, akaniuliza, mwanangu yu wapi? Nami humwambia, yuko hapa, amelala ubavuni mwangu. Akisikia hivyo huondoka."

Mambo yangeweza kubaki hivyo. Lakini yule mzee wa mtaa aliyewekwa na Liwali naye akafariki, na safari hii Liwali akatuma neno kwamba wanaume wa mtaa wakubaliane wenyewe, wampelekee jina. Walikuwa wachaguane msikitini Ijumaa, baada ya sala.

Majina yakawa mawili. Moja lilikuwa la muuza tende aliyekaa mkabala na kwetu, mtu mpole, mwenye sauti nzuri ya kuadhini, ambaye alipatanisha ugomvi wa watu bila ya wao kujua wamepatanishwa. La pili lilikuwa la baba. Baba alikuwa na duka la mikeka na kamba, na alikitaka cheo kile kama mtoto anavyotaka kitu alichokiona mkononi mwa mwenziwe. Alianza kutembea taratibu. Alianza kukohoa kabla ya kusema. Mama mdogo, yaani mke wake mpya, alimsifu kwa yote mawili.

Zamani zetu, kati ya mkwe na mkwe kulikuwa na haya ambayo vijana wa leo hawaijui. Baba hakupata kumtazama bibi usoni. Walizungumza kwa pazia, yeye huku na bibi kule, na mara nyingi maneno yalipitia kwangu, ingawa sote watatu tuliyasikia vizuri tu.

"Mwambie bibi yako, mama hajambo?" alisema baba jioni moja; "mama" ndivyo alivyomwita mkwewe.

"Mwambie sijambo, alhamdulillahi."

"Mwambie watu wananiuliza barazani kama mama ameona lolote."

"Mwambie sijaona, baba. Zimekatika."

Akakohoa. Halafu akasema, sasa bila ya kupitia kwangu, kwa adabu ile ile, "Mama mdogo wa mtoto ana mamake, amebaki peke yake, na chumba kingine hatuna. Nami nilikuwa nafikiri, kama hewa ya nyumba hii imeikata njozi ya mama, huenda Jomvu kwa kaka yake ikarudi. Mtoto atabaki na sisi. Lakini haya ni mazungumzo tu. Tutaangalia baada ya Ijumaa."

Siku hizi Jomvu ni karibu. Wakati ule, kwa msichana aliyekaribia kuwekwa ndani kama mwari, Jomvu ilikuwa nchi nyingine. Nilikamata nguo ya bibi nikaikunja mkononi. Bibi aliiokota kofia aliyokuwa akiishona, akaipindua, akaipindua tena, kama mtu aliyesahau alipofikia.

Asubuhi iliyofuata alikuja jirani mmoja kuomba kaa la moto, kama alivyokuja kila siku. Moto wake haukuzimika kila siku. Alikuja kuchukua habari, na alizisambaza kuliko mpiga mbiu. Bibi alikuwa akilijua hilo kuliko mtu yeyote. Alimwacha achukue kaa lake, afike mlangoni, ndipo akasema:

"Nimeota kilemba."

Jirani akarudi. "Kheri inshallah. Cha nani, bibi?"

"Kilemba cheupe, kipya. Amevikwa mkwe wangu, msikitini, na watu wamesimama kulia na kushoto. Usimwambie mtu."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja. Hapakuwa na mlango asioujua wala harufu ya samaki. Sindano yake ilikuwa imesimama juu ya kofia haiendi. Yule mama alitoka na kaa lake likawa linamwagika cheche njia nzima, nami nikamgeukia bibi, nikafungua kinywa.

"Usiniulize," akasema. "Kula mahamri yako."

Kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umeota pamoja naye. Wapo walionong'ona kwamba hicho ni kilemba cha ukoka, lakini walinong'ona tu. Bibi alikuwa hajapata kusikika amesema uongo. Ijumaa wanaume walikaa msikitini, na baba alirudi nyumbani amezungukwa na watu, macho yanamng'aa kama bwana harusi. Mama mdogo akapiga vigelegele. Siku hiyo baba alisimama kwenye pazia letu akasema, "Mwambie bibi yako, chumba hiki ni chake mpaka Mungu atakapoamua vingine." Mamake mama mdogo akapewa chumba cha juu kilichokuwa kimejaa mikeka ya duka, na wala hakuwa mtu mbaya, alikoroma tu.

Jioni yake akaja muuza tende. Alisimama uani, nje ya dirisha letu, ameinamisha kichwa.

"Mama, shikamoo," akasema. "Nimekuja kukuambia sina neno. Baadhi ya watu wangu wanasema hili na lile, nami nimewakataza. Njozi ni ya Mwenyezi Mungu. Asilokuandikia, hakupi." Akaweka kikapu cha tende kizingitini, akaenda zake kuadhini magharibi.

Bibi aliisikiliza adhana yake mpaka mwisho. Kisha akalia, na hakuficha uso. "Yule ndiye aliyefaa," akaniambia. "Kama ningeulizwa nilionalo kwa mato yangu haya, si njozini, ningemtaja yule." Tende zile hakuzila. Nilizila mimi, na zilikuwa tamu, Mungu anisamehe.

Baba hakuwa mzee wa mtaa mbaya sana. Alikohoa mno, na kila aliposhindwa hoja alisema, "Mimi niliotewa," watu wakanyamaza. Aliiamini njozi ile mpaka siku aliyoingia kaburini. Nami nililala ubavuni mwa bibi miaka yote iliyobaki ya usichana wangu. Alinifunza kushona, kusoma, kukaanga samaki asivunjike, kumjibu mtu mkali kwa maneno laini. Usiku mama aliendelea kumjia mlangoni na kuuliza swali lake, na bibi aliendelea kumjibu kwa haki. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na nilijua wakati ule ule kwamba ni raha.

Nilipoolewa nilimchukua. Mume wangu alikubali kwa moyo mweupe. Macho ya bibi yalikuwa yameanza kuwa na ukungu na kofia alikuwa ameziacha, lakini vidole havikukubali kustarehe. Vilikunja ncha ya kanga, vikakunjua, kutwa nzima. Wanawake wa mtaa wangu mpya walisikia sifa zake za zamani, wakaja kuuliza nani atakuwa Liwali mpya. Aliwapa kahawa, akawaambia habari za kukaanga samaki.

Alipoanza kuugua, mganga wa Kihindi akaagiza uji wa shayiri, mwepesi, asubuhi na jioni. Nikanunua kipimo, nikamwekea ungo pajani ili achambue, apate kitu cha kushika. Nikaenda jikoni kutazama moto. Niliporudi alikuwa ameusukuma ungo kando. Ameinamia vidole vyake kwa karibu sana, kama alivyozoea kuinamia nakshi ngumu, na ncha ya ulimi imetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

"Bibi, unafanya nini?"

"Najizoeza."

Akafungua vidole. Punje mbili, zimelowa kwa jasho lake, zimeanza kuvunjika. Nilicheka, kwa kuwa nilidhani ni mzaha wake. Kisha nikamtazama.

"Ile ya kilemba sikuiota," akasema.

"Najua, bibi. Nilijua siku ile ile."

"Hukuniuliza."

"Ulinikataza."

Akatikisa kichwa, kama aliyeridhika na adabu yangu. "Mamako angekuya usiku aniulize yu wapi mwanangu, nami niko Jomvu. Ningemwambia nini?" Akazirudia punje zake, akazigusanisha ncha kwa ncha, zikamponyoka, akazipapasa shukani mpaka akazipata. "Vidole hivi vimeshona kofia tangu sijavunja ungo. Huenda vikaweza."

Uji ukaanza kufurika jikoni, nikausikia unamwagikia moto. Sikwenda. Nilikaa kitandani ubavuni mwake, mahali pangu pa siku zote, nikachukua punje mbili kutoka kwenye ungo, nikajaribu na mimi.